Uzi: Kununua Raptor 700 iliyotumika wakati wa joto na kuitayarisha kwa mchanga wa alfajiri

#1 FundiGhala

Assalaam alaykum wana mchanga.

Joto limeshaingia, na kuanzia sasa mpaka Septemba kwadi (pikipiki za magurudumu manne) zilizotumika zitajaa kwenye matangazo ya Maskati, Dubai na Sharjah. Wanaokodisha kwenye matuta ya Al Badayer, Sharjah, hupunguza vyombo msimu ukiisha, na wengine huuza kabla ya kusafiri likizo. Kwa anayetaka kuendesha alfajiri miezi hii, mchanga ukiwa bado na umande na umeshikana, huu ndio wakati wa kununua. Ila chombo cha kuendesha Juni hakikaguliwi kama cha Januari. Baridi huficha maradhi. Rejeta iliyoziba nusu haikusumbui Januari, Juni inakuacha katikati ya mchanga wa Bidiya, Omani, na taa nyekundu inawaka.

Uzi huu ni wa Yamaha Raptor 700, kwa sababu ndiyo iliyojaa huku na spea zake hazisumbui kupatikana, iwe Ghala na Wadi Kabir za Maskati au mitaa ya viwanda ya Sharjah. Mwenye YFZ450 au Honda 400EX atafaidika na mengi humu, lakini namba za valvu na oili asizichukue.

Kwa kifupi: Raptor 700 ilianza mwaka 2006. Silinda moja, cc 686, valvu nne, injeksheni, inapozwa kwa maji, gia tano na rivasi. Raptor 660 ya 2001 hadi 2005 ni mashine nyingine kabisa, ina kabureta mbili na valvu tano. Muuzaji akikwambia spea za injini ni zilezile, usimsikilize. Mwaka wa chombo usiuchukue mdomoni mwa mtu, soma namba ya chasisi. Ina tarakimu na herufi 17, na ya kumi ndiyo mwaka: 6 ni 2006, 9 ni 2009, A ni 2010, F ni 2015, J ni 2018, L ni 2020. Herufi I haitumiki, ndiyo maana baada ya H ya 2017 inakuja J. Plastiki mpya mtu anazifunga kwa saa moja na chombo cha 2008 kikaonekana cha 2016. Sehemu ya namba ikiwa imesagwa au ina rangi mbichi kuliko fremu nzima, aga uondoke. Namba hiyo pia ilingane na mulkiya (kadi ya usajili) au karatasi ya forodha.

Sasa injini. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye silinda. Ikiwa ya moto, ameshaipasha, na injini iliyopashwa huficha moshi wa kwanza na ugumu wa kuwaka. Iache ipoe au rudi kesho.

Ikiwa baridi, anza na hewa. Fungua siti, fungua kifuniko cha boksi la hewa, toa filta. Ingiza kidole ndani ya mpira unaopeleka hewa kwenye throto bodi (koo la kuingizia hewa ya injini), upande wa injini, futa mduara mzima. Kidole kikitoka safi au na oili kidogo, sawa. Kikitoka na vumbi laini kama unga, hata kidogo, basi mchanga umeshapita kwenye pistoni na ringi, na hata kama chombo kinawaka vizuri leo, bei unayozungumza ni ya chombo kinachosubiri kufunguliwa injini. Kwangu mimi kipimo hiki kinatangulia vyote, na hakihitaji hata spana.

Halafu fungua kifuniko cha rejeta (injini baridi, narudia). Maji yawe na rangi ya kulanti (dawa ya kupozea inayochanganywa na maji). Yakiwa kahawia, mtu amekuwa akijaza ya bomba. Yakiwa na utando wa mafuta, gasketi ya hedi imekufa. Chungulia chini ya wota pampu: kuna tundu dogo la kutolea. Likiwa na alama ya maji au chumvi iliyokauka, sili ya pampu imekwisha.

Iwashe. Kabla ya kubonyeza stata utasikia pampu ya mafuta ikilia sekunde mbili tatu ukifungua ufunguo. Ikinyamaza, au ikilia kwa kukwaruza, andika kwenye hesabu yako. Taa ya injini iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameinyamazisha. Moshi wa bluu unaotoka mara moja ukiwasha kisha unakatika mara nyingi ni sili za valvu. Moshi wa bluu unaoendelea kila ukipiga resi ni ringi. Iache iungurume bila resi mpaka feni iwake yenyewe. Usiondoke bila kuiona feni ikizunguka.


#2 Bi_Sproketi

Ahsante Maalim. Naongeza chini ya chombo, maana huko ndiko pesa zinakopotelea.

Egesha kwenye sakafu iliyo sawa, simama mita tatu mbele na uangalie mabega ya kwadi. Upande mmoja ukiwa chini, ama shokapu moja imekufa ama wishiboni (mkono unaobeba tairi la mbele) imepinda. Kisha nenda nyuma. Fremu kuu ni ya chuma, lakini ile ya nyuma inayobeba siti na mkia ni ya aluminiamu. Kwadi iliyopindukia kinyumenyume kwenye tuta huipinda hiyo, na utaona mkia umeinuka au umekaa upande ukilinganisha na tairi mbili za nyuma. Inafungwa kwa bolti, kwa hiyo kuipata nyingine kunawezekana. Fremu kuu ikiwa na ufa ni habari tofauti. Angalia kwa tochi kwenye maungio ya wishiboni za chini, penye vikanyagio, na kuzunguka shina la usukani. Mstari mwembamba wa kutu unaokatiza rangi ni ufa mpaka uthibitishe vingine. Chombo cha kurukia hupasuka hapo.

Upande wa kushoto, toa kifuniko cha sproketi ndogo. Cheni ikikatika mwendoni hujikunja pale na kupiga kasha la injini. Utakuta kovu, au gundi ya chuma. Gundi ikiwa imekauka vizuri na haivuji, chombo kinatembea miaka, lakini bei ishuke kwa sababu siku ya kufungua injini kasha hilo ni la kubadilishwa.

Mwisho, panda, zungusha usukani huku mwenzako ameshika tairi la mbele. Usukani ukitembea kabla tairi halijatembea, ni tairodi endi au bushi ya shina. Inua mbele kwa jeki, shika tairi juu na chini ulitikise: likigonga, ni bol jointi au beringi ya habu. Moja ni rahisi, zote nne za bol jointi pamoja na bushi za wishiboni ni bajeti.


#3 mchanga_bawshar

FundiGhala, Bi Sproketi, shukrani sana. Swali langu ni kuhusu hizo za kukodisha. Kuna kwadi mbili za mwaka mmoja, moja ya mtu binafsi imefungwa ekzosi na programu ya mafuta, nyingine ya wakodishaji, kila kitu cha kiwandani. Ya wakodishaji ina bei ya chini. Ipi?


#4 Liwa_Usiku

Mkuu, chukua ya mtu binafsi. Ya kukodisha imeendeshwa na watu ambao hawajawahi kushika klachi, kutwa nzima, siku saba kwa wiki. Sahani za klachi zimeungua, gia ya pili imeliwa, na filta ilikuwa inapigwa upepo wa kompresa na kurudishwa kavu.


#5 FundiGhala

Liwa_Usiku kasema kweli kuhusu klachi, lakini hukumu naona ni nyepesi mno. Ya kukodisha ina faida moja: huijui historia yake, kwa hiyo utaikagua kwa ukali. Ya mtu binafsi yenye ekzosi inayong'aa huwapumbaza watu. Ekzosi ya wazi na boksi la hewa lililotolewa kifuniko, bila mafuta kuongezwa sawasawa, huifanya injini ipate hewa nyingi kuliko petroli, na injini ya namna hiyo huwa ya moto. Kwenye joto la nyuzi 43 hicho ni kitu cha kukiogopa. Ukisikia vishindo vingi kwenye bomba unapoachia resi, na chuma cha ekzosi karibu na hedi kimegeuka rangi, muulize nani alipanga mafuta na kwa kipimo gani. Kifaa cha kupanga petroli kama Power Commander kikiwepo lakini ramani (mpango wa petroli) iliyomo ni ya ekzosi nyingine, hakina msaada.

Bwana mchanga_bawshar, zipime zote mbili kwa hewa ya kompresa. Kupima kompresheni kwa geji ya kawaida kwenye Raptor 700 kunapotosha, kwa sababu kamshafti ina kifaa kinachofungua valvu ya ekzosi kidogo wakati wa stata ili injini izunguke kwa urahisi. Namba inatoka ndogo hata injini ikiwa nzima. Kipimo cha uvujaji ndicho sahihi. Pistoni ikae juu kabisa kwenye mzunguko wa kubana, chombo kiwe gia ya tano na mwenzako ashike breki ya nyuma, vinginevyo hewa itausukuma mzunguko. Ingiza hewa kwa tundu la plagi, halafu sikiliza:

kwenye throto bodi ikilia, valvu ya kuingiza haikai;
kwenye bomba la moshi, valvu ya ekzosi;
kwenye mdomo wa tangi la oili, ringi;
kwenye rejeta ikitoa mapovu, gasketi ya hedi.

Kidogo kwenye ringi kipo siku zote. Mapovu kwenye rejeta hayakubaliki hata moja.

Ikiwa ya wakodishaji inapita hapo, na kidole hakina vumbi, mimi naichukua hiyo na pesa iliyobaki inaingia kwenye klachi na beringi. Na popote utakaponunua, bakiza robo ya bajeti yako nzima mfukoni. Anayemaliza pesa zote siku ya kununua huiendesha na beringi mbovu, na beringi mbovu huua ekseli.


#6 BabuGrisi

Hapo kwenye beringi naomba nafasi.

Vyombo hivi hupakwa grisi kidogo sana sehemu za mkono wa nyuma na viungo vya shokapu, na wengi hawazifungui mpaka zishike kutu. Mchanga wa Bidiya ni laini, unapita kwenye sili iliyozeeka, unachanganyika na grisi na kuwa dawa ya kusagia. Ukiongeza matope ya sabkha (uwanda wa chumvi), aluminiamu ya mkono huota unga mweupe na bolti zinaganda ndani ya bushi. Chombo kilichopita sabkha nunua ukijua nguvu ya kutoa bolti hizo itakuwa ya nyundo na moto.

Utaratibu: inua chombo chote, toa tairi za nyuma, toa shokapu, kisha inua na kushusha mkono wa nyuma kwa mikono. Ushuke wenyewe taratibu bila kukwama na bila kugonga. Ukitikisa kushoto na kulia usiwe na mchezo. Toa viungo vyote vya shokapu, osha beringi za sindano kwa mafuta ya taa, zikague moja moja. Sindano yenye alama ya kahawia inabadilishwa pamoja na bushi yake, usibadilishe kimoja ukaacha kingine. Rudisha kwa grisi ya majini isiyosafishwa na maji.

Nyumba ya beringi za ekseli ya nyuma ina beringi mbili na sili mbili. Badilisha zote nne kwa pamoja, hata moja ikionekana nzima. Pasha nyumba hiyo kwa moto wa hewa, beringi zilale kwenye friza usiku, zitaingia kwa kusukumwa tu. Ukizipiga nyundo kwenye duara la ndani umeziua kabla hazijatembea. Ekseli yenyewe izungushe ikiwa imefungwa, simamisha ncha ya bisibisi karibu na mwisho wake. Nafasi ikifunguka na kufungika zaidi ya milimita moja na nusu, ekseli imepinda na itakula beringi mpya.

Halafu zile nati kubwa mbili za ekseli. Zina tabia ya kulegea. Zikilegea, habu ya sproketi inacheza kwenye meno ya ekseli na kuyala, na hapo unanunua ekseli na habu. Safisha nyuzi kwa dawa ya breki, tia Loctite nyekundu, kaza ya ndani kwa kipimo cha kitabu, kisha ya nje juu yake. Piga mstari wa rangi kukatiza nati zote mbili na ekseli. Kila kabla ya safari unatazama mstari. Ukivunjika, usiondoke.

Na msioshe beringi kwa mashine ya presha. Maji ya presha yanapita sili na kubeba mchanga ndani. Brashi, ndoo na sabuni vinatosha.


#7 FundiGhala

BabuGrisi, Mungu akuzidishie. Naendelea na kazi za injini. Hizi ndizo ninazozifanya kwanza kwa chombo chochote kilichonunuliwa, hata muuzaji aape kwamba oili ni ya jana.

OILI. Raptor 700 haina oili ya kukaa chini ya injini peke yake, ina tangi la pembeni. Kwa hiyo bolti za kutolea ni mbili, moja ya kasha na moja ya tangi. Anayefungua moja anabakiza oili chafu nusu. Pasha injini, zima, fungua zote mbili, toa filta. Tazama bolti na kitambaa: unga wa kijivu kidogo ni kawaida, vipande vinavyong'aa vya kushikika kwa kucha si kawaida. Oili ya kurudisha ni lita 1.85 ukibadilisha filta, 1.75 bila filta. Tumia ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, kwa sababu klachi inaogelea kwenye oili hiyohiyo na oili nyingi za magari zina dawa ya kupunguza msuguano inayoifanya iteleze. Kwa joto letu 20W-50 ni sawa. Baridi ikirudi, 10W-40.

Kupima kiwango ndiko kunakowaangusha watu. Ukipima asubuhi injini ikiwa baridi, oili imeshuka kutoka tangini kwenda kwenye kasha, na kijiti kinaonyesha pungufu. Mtu anaongeza, akiwasha oili inazidi, inapanda kupitia bomba la kupumulia na kumwagika ndani ya boksi la hewa, filta inalowa, injini inakosa pumzi. Pasha kwanza injini sawasawa, iache bila resi kidogo, zima, ndipo upime. Boksi la hewa likiwa na oili, usikimbilie kusema ringi zimekufa. Pima kiwango kwanza.

Badilisha tena baada ya safari ya kwanza ya mchanga. Oili ile inatoka imesafisha yaliyobaki.

FILTA YA HEWA. Ya sponji. Ioshe kwa dawa yake au mafuta ya taa, usitumie petroli kwa sababu inalegeza gundi ya maungio. Kisha maji na sabuni, kamua kwa kuminya bila kusokota, kausha kivulini. Tia oili ya filta, minya mpaka rangi iwe sawa kila mahali, acha ishike. Ukingo unaokaa kwenye fremu upake grisi kidogo, kwa sababu mchanga laini haupiti kwenye sponji, unapita pembeni. Beba filta mbili za akiba zilizokwishapakwa, kwenye mifuko. Mchana wa upepo filta moja haifiki mwisho wa safari.

UPOZAJI. Hapa msikilize kwa makini kama mnaendesha miezi hii. Toa rejeta kabisa. Kuisafisha ikiwa imefungwa ni kupaka uso poda, maana uchafu umekaa katikati ya mapezi. Mwaga maji ya mpira kutoka upande wa injini kwenda mbele, presha ndogo, mpaka yatoke safi. Mapezi yaliyolala yanyooshe kwa kibisibisi bapa. Yaliyolala robo ya uso ni robo ya rejeta iliyokufa. Ndani jaza maji na uyamwage kutoka chini. Yakitoka kidogokidogo, mirija imeziba.

Feni ipe volti 12 moja kwa moja kutoka betri. Izunguke kwa kasi bila kukwaruza. Mota yake hujaa mchanga.

Kifuniko cha rejeta badilisha bila kufikiri. Kinafungua kwenye presha ya bar 1.1 au zaidi kidogo, na presha hiyo ndiyo inayozuia maji kuchemka. Mpira wake ukikauka hakuna presha, maji yanachemka mapema na kukimbilia kwenye chupa ya akiba.

Kulanti ya aluminiamu nusu, maji yaliyochujwa nusu. Maji matupu hubeba joto vizuri kuliko mchanganyiko, hilo ni kweli, lakini hula wota pampu na kuacha gamba kwenye mirija. Unapojaza, inua mbele ya chombo ili mdomo wa rejeta uwe juu ya vyote, jaza taratibu, minya mipira, washa mpaka feni iwake, ongeza.


#8 Spana_Kumi

Fundi, mbona hujasema kutoa themostati? Huku Sharjah mafundi wengi wanaitoa wakati wa joto ili maji yazunguke moja kwa moja, na chombo hakichemshi.


#9 FundiGhala

Ndugu Spana_Kumi, isitolewe. Themostati nzima ikishafunguka, njia ni wazi, haizuii kitu. Chombo kilichokuwa kinachemsha kikapona baada ya kuitoa kilikuwa na themostati iliyoganda, na dawa yake ni themostati mpya. Ukiitoa, alfajiri injini inachelewa kupata moto. Kompyuta ya injeksheni inasoma joto la maji, ikiona baridi inaongeza petroli. Petroli ya ziada inaosha oili kwenye ukuta wa silinda, plagi inakuwa nyeusi, oili inanuka petroli. Ipime jikoni: itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji na kipimajoto, pasha, uone inafunguka wazi kabla maji hayajachemka na inafunga ikipoa.


#10 Bi_Sproketi

Naingia kwenye mwendo wa mchanga.

Tairi za kiwandani ni 21x7-10 mbele na 20x10-9 nyuma, na zinajazwa karibu psi 4 tu. Geji ya gari haisomi hapo, nunua geji ya presha ndogo. Kwa mchanga mwingi, nyuma weka tairi za kasia, zenye mapezi makubwa ya kuchota mchanga. Kasia hazitelezi, kila mzunguko unabeba mchanga, kwa hiyo injini inafanya kazi ngumu na joto linapanda. Kwa miezi hii nashauri kasia nane badala ya kumi, na sproketi ndogo ya meno 13 badala ya 14 ya kiwandani, nyuma ibaki 38. Utapoteza mwendo wa juu kidogo, ila injini haitakwama kwenye tuta na hutalazimika kuteleza klachi. Kuteleza klachi kwenye mchanga ndiyo inayounguza sahani. Klachi ikianza kunuka, simama, ipoe.

Ukibadilisha sproketi, badilisha mbili na cheni kwa pamoja. Cheni ya 520 yenye mipira ya O. Iache ilegee karibu milimita 30 katikati, tairi zikiwa chini. Cheni iliyokazwa sana huua beringi ya sproketi ndogo kila shokapu inaposhuka. Usiipake oili ya kunata kabla ya mchanga, ule mchanga unaganda juu yake. Ipake baada ya safari, ifute, ikauke.

Tairi za mbele zielekeane kidogo, umbali wa mbele uwe pungufu ya nyuma kwa milimita 5 hivi, upimwe katikati ya tairi kwa urefu wa ekseli. Zikifunguka nje, usukani unatangatanga kwenye mteremko.

Bendera ndefu ni lazima, hasa Bawshar na Al Badayer ambako vyombo vingi vinakutana kileleni bila kuonana.


#11 Liwa_Usiku

Mimi naongeza umeme kwa wanaoendesha usiku. Betri ya Raptor ni ya aina ya YT9B. Ikipumzika usiku mzima iwe na volti 12.6 au zaidi, stata ikizunguka isishuke chini ya 10. Injini ikiwa kwenye resi ya kati, betrini uone karibu volti 14. Ikizidi 15, regyuleta (kidhibiti cha umeme wa kuchaji) imekufa na itapika betri. Ikibaki 12 na kitu, angalia plagi ya waya ya regyuleta kwanza, huwa inaungua. Taa za ziada za LED ni sawa, za halojeni zinaelemea, kwa sababu feni nayo inahitaji umeme huohuo kwa muda mrefu kuliko Januari.

Na petroli: pampu iko ndani ya tangi na inapozwa na petroli yenyewe. Tangi ni lita 11. Usiendeshe mpaka akiba kwenye joto, jaza likifika nusu.


#12 mchanga_bawshar

Nimechukua ile ya wakodishaji. Kidole kilitoka safi, hewa ilivuja kidogo kwenye ringi tu. Rejeta imeoshwa nje na ndani, kifuniko kipya, themostati ilifunguka kwenye sufuria, maji hayatoi mapovu. Feni inawaka. Lakini nikienda polepole dakika kumi taa ya joto inawaka, nikienda kasi inazima. Tatizo jingine: resi ikifika robo injini inakatakata, halafu baada ya muda inakaa sawa.


#13 FundiGhala

La kwanza: ikipoa kwa kasi na kuchemsha kwa mwendo mdogo, upepo wa feni haupo au unakwenda kinyume. Feni ikiwa imewaka, shika kipande cha karatasi laini mbele ya rejeta. Karatasi ivutwe na kunata kwenye mapezi. Ikisukumwa kukujia, waya mbili za mota zimegeuzwa wakati wa matengenezo, na feni inapigana na upepo wa mwendo. Zibadilishane nafasi. Ikiwa inavuta lakini kwa udhaifu, mota imechoka, au kinga ya plastiki inayozunguka feni haipo na hewa inapita pembeni.

La pili: kagua breki ya kuegesha kwenye hendeli ya kushoto. Ikiwa imeshikwa, au swichi yake inadhani imeshikwa, umeme huzuia resi kupanda. Swichi hujaa mchanga. Safisha kwa dawa ya umeme, hakikisha waya wake haujaminywa na waya wa breki umelegea vya kutosha.


#14 mchanga_bawshar

Karatasi ilisukumwa. Waya nimegeuza, sasa inanata na taa haijawaka tena. Swichi nayo nimesafisha, resi inapanda sawa. Limebaki moja: asubuhi inawaka kwa kugusa, ikipata moto nikizima inagoma kama dakika ishirini. Stata inazunguka vizuri, pampu nasikia inalia.


#15 FundiGhala

Pima valvu kabla ya kununua chochote. Valvu ya ekzosi ikiliwa inapanda juu, nafasi inapungua. Ikiwa baridi bado inafunga. Chuma kikipata moto kinarefuka, haifungi kabisa, kompresheni inapotea, injini haiwaki mpaka ipoe.

Injini ilale usiku mzima. Toa siti na tangi la petroli, toa plagi, fungua vifuniko vya valvu. Zungusha kranki taratibu mpaka alama ya pistoni juu ionekane kwenye tundu la upande wa magneti, na roka zote zicheze kwa mkono. Zikiwa zimebana, uko kwenye mzunguko wa kutoa moshi, zungusha raundi moja kamili tena. Nafasi ya valvu ya kuingiza ni milimita 0.09 hadi 0.13, ya ekzosi 0.16 hadi 0.20. Fila geji (bamba jembamba la kupimia nafasi) ipite kwa kukwama kidogo. Legeza nati, rekebisha skrubu, shikilia skrubu unapokaza nati, kisha pima tena, kwa sababu nati inapokaza inavuta skrubu. Kwa mchanga na joto mimi naiweka ekzosi kwenye 0.20.

Andika namba ulizozikuta kabla ya kurekebisha na uziweke hapa. Pima tena baada ya safari mbili. Zikiwa zimekaa, umemaliza. Ekzosi ikirudi kubana haraka, kiti cha valvu kinaliwa, na hapo hedi itoke.